Paka Ndiye Aliyetetemeka Kwanza

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, siku ya Alhamisi, paka wetu alipoanguka jikoni bila kuguswa na mtu. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeitazama punde tu, nione kama muda wa kufunga cherehani umefika. Miguu yake ya nyuma ilitetemeka, mate yakamtoka, akajaribu kusimama, akaanguka tena kwa ubavu.

Mwanangu Minza, wakati huo akiwa na miaka tisa, alicheka akidhani paka anacheza. Wifi yangu hakucheka. Alisimama mlangoni, akamtazama paka, akasema neno moja tu.

"Ametumwa."

Neno hilo ndilo lililoibomoa nyumba yangu... Au ndivyo nilivyoamini kwa wiki kadhaa. Leo najua nyumba ilikuwa imeshabomolewa, na aliyeibomoa alikuwa amechuchumaa hapo hapo mbele ya jiko la mkaa, koleo mkononi, akimtazama paka bila kusema kitu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita. Shule niliiacha darasa la nne, Kambarage, mjini Shinyanga, kwa sababu nyumbani walihitaji mikono yangu. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilinunua shati kuukuu la mtumba, nikalifumua mshono baada ya mshono, nikaona lilivyokatwa, kisha nikalishona upya. Mpaka leo ndivyo ninavyojifunza. Nikitaka kujua kitu kimeshonwaje, nakifumua. Mkasa huu nao nimeufumua hivyo hivyo, na ninawawekea vipande mezani kama nilivyovikuta.

Tulihamia Runzewe, mji wa machimbo, mume wangu alipoacha kuuza mchele na kuingia kwenye dhahabu. Nitamwita Baba Minza, maana jina hilo hata nikimchukia haliondoki. Aliungana na wenzake watatu kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimba. Mawe waliyasaga karashani, kwenye mashine ya kuvunjia mawe, wakaosha unga wake kwa maji, kisha wakaikamata dhahabu iliyomo kwa zebaki. Kinachopatikana ni donge jeupe linalong'aa kama kijiko kipya. Donge hilo lazima lichomwe ili zebaki iondoke, ibaki dhahabu peke yake.

Yeye alikuja kulichomea jikoni kwangu.

Nilipomuuliza kwa nini, alisema kule kwenye kuosha kuna wezi wengi. Mke gani angebishana na hilo? Tena nilifurahi, kwa kuwa siku za kuchoma alirudi mapema na kukaa nasi. Jiko langu lilikuwa chumba kidogo cha matofali, bati juu, dirisha moja dogo. Alifunga dirisha, akafunga na mlango, ili jirani asione. Aliweka donge kwenye kifuniko cha kopo, akakikalisha juu ya makaa, akasubiri.

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu. Minza alikuwa ndani, anafanya kazi za shule kwenye mwanga wa balbu, maana ulikuwa msimu wa mvua na jikoni kulikuwa na joto. Alipenda kuona kitu cheupe kikigeuka cha njano. Alikaa karibu, paka amelala juu ya miguu yake.

Sasa niwaambie habari za paka, kwa sababu vita vyote vilianzia kwake.

Panya walikuwa wametuzidi. Walitoboa gunia la mchele, nikavumilia. Walipotafuna vitambaa vya sare za watu, nilimwambia mama yangu. Mama aliishi kijijini, njia ya Maganzo. Alipokuja kunisaidia na mtoto alimleta paka mmoja wa kijivu kwenye kikapu chenye kifuniko. Minza alimpa jina la Bwana Afya, kwa kuwa alizunguka akinusa kila sufuria kama wale wakaguzi wanaoingia kwenye migahawa. Baada ya wiki chache sikuona panya tena.

Lakini tulikuwa na mgeni mwingine, Kabula, dada wa mume wangu. Aligombana na mumewe akaja kwetu kupumzika kidogo. Nilipoona ukubwa wa begi lake nilijua hicho kidogo hakina mwisho. Kabula hakumpenda paka tangu siku ya kwanza.

"Wifi, huyu paka analala wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwenye chakula?"

"Jikoni kwenye panya."

"Kwetu paka hulala nje, ndani wanalala watu."

"Na wewe si umelala ndani? Sasa shida iko wapi?"

Ndivyo tulivyoishi. Akiona bakuli la paka karibu na jiko, alilipiga teke. Nikilirudisha, alisusa kuingia jikoni. Alisema manyoya yanaingia kwenye ugali. Alisema mtoto wa kike akikumbatia paka hatazaa. Nilimjibu kwamba yeye hakukumbatia paka na bado hajazaa, mumewe amemrudisha hivyo hivyo. Lilikuwa neno baya, nilijua ni baya, nikalisema.

Kwa hiyo jioni ile paka alipoanguka, Kabula alikuwa amejiandaa siku nyingi.

"Ametumwa na nani?" nikamuuliza.

"Muulize aliyemleta."

Mama alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Aliinua uso. "Mimi nilimleta ale panya. Kama alitumwa kula watu basi kazi imemshinda, maana wewe bado upo."

Minza alicheka tena. Mimi pia nilicheka. Lakini Kabula alikuwa anamwangalia mama machoni, na kicheko kikanikauka. Macho ya mama yangu ni mekundu. Amepikia kuni mbichi na samadi kavu ya ng'ombe tangu utoto, moshi umeyala. Katika mikoa yetu hilo si jambo la kuchekea. Kuna wazee wa kike waliouawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya rangi ya macho yao, na kila mtu wa huku analijua hilo.

Nilimgeukia mume wangu. "Baba Minza, mwambie dada yako anyamaze."

Alimtazama paka kwa muda mrefu. Kisha akatazama chini, akaendelea kukuna kifuniko chake. "Haya mambo ya wanawake mimi siyaingilii," akasema.

Nimerudia kumkumbuka alivyotazama chini mara nyingi kuliko nilivyowahi kukumbuka siku ya harusi yetu.

Jumamosi asubuhi Baba Minza alimtia paka kwenye kiroba akasema anakwenda kumwachilia porini. Alirudi na kiroba kimekunjwa vizuri. Minza alimuuliza Bwana Afya amebaki na nani. Akamjibu, "Na wenzake." Minza alilia siku nzima, hakula.

Nilidhani ni huzuni ya paka. Siku zilizofuata mtoto akawa mkali kwa kila mtu, yeye aliyekuwa mpole. Hakulala vizuri. Alitoka jasho hata asubuhi ya baridi. Fizi zikamvimba, mto wake ukawa unalowa mate. Ngozi ya viganja ikaanza kubanduka. Mwalimu wake aliniita akasema mwandiko umeharibika, kama wa mtoto wa chekechea.

Bado sikuelewa. Kwamba ni ugonjwa nilielewa siku ya uzi.

Macho yangu hayaoni vizuri kwa karibu. Tangu Minza ana miaka sita yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Alikuwa hodari: anaulowesha uzi kwa ulimi, anafumba jicho moja, mara moja tu umepita. Asubuhi hiyo nilimpa sindano kama kawaida. Uzi ulikwenda kushoto, ukaenda kulia. Akajaribu tena. Nilidhani ananitania. Nilipomshika mkono nikausikia unatetemeka ndani ya mkono wangu, kama kifaranga.

"Mama," akasema, "sindano haitulii."

Kabula alikuwa ameegemea mlango. "Si niliwaambia? Kilichokuwa kwa paka kimehamia kwa mtoto."

Na ninyi mngemjibu nini? Paka alitetemeka, mtoto anatetemeka. Paka alitokwa mate, mtoto anatokwa mate. Alichosema kilikuwa na mantiki, na ndiyo sababu kilisambaa. Kufikia Jumapili majirani hawakumpa mama salamu kisimani. Watoto waliozoea kumwambia shikamoo walikimbia. Jioni mawe matatu yaliangukia bati letu, moja baada ya jingine, bila haraka.

Mama hakulia. Asubuhi alifunga khanga zake kwenye kitambaa. Mume wangu alijidai kumzuia, kwa heshima ya mkwe, akiwa amesimama mbali.

"Mama, kaa kwanza, mambo yatatulia."

"Baba, mimi nakwenda kituoni," mama akamjibu. "Ningekuwa na huo ungo wa kuruka nao mnaousema, nisingelipa nauli."

Nilimsindikiza kwenye basi nikiwa nimemshika mkono, mchana kweupe, nikiwaangalia watu machoni mmoja mmoja. Niliogopa. Hakuna aliyetugusa. Lakini hakuna aliyetuaga pia, na wengi wao watoto wao wamevaa sare zilizotoka kwenye cherehani yangu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kupeleka sare kwenye shule moja. Niliporudi nilimkuta Minza amelala, mikono yote miwili imefungwa kitambaa. Nilifungua. Kwenye kila kifundo kulikuwa na mistari ya wembe imepakwa dawa nyeusi. Kabula alikuwa amemleta mganga nyumbani.

"Nani alimshika?" niliuliza, kwa sababu nilimjua mwanangu, asingetulia.

"Baba yake."

Wekeni hapo alama. Huyo baba, wakati anaishika mikono hiyo ikatwe, alikuwa anajua kinachoitetemesha.

Mimi nilikuwa sijui, lakini nilikuwa nimeanza kufumua. Mama ameondoka. Paka hayupo. Mganga amelipwa, ameondoka na kuku wetu. Mbona mtoto anazidi? Kama ugonjwa ulikuja na mama, ungepungua alipoondoka. Haukupungua. Basi haukuwa wake.

Nikajiuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria nyumbani mle. Paka na Minza walikuwa na kitu gani ambacho sisi wengine hatukuwa nacho? Chakula kilikuwa kimoja, maji mamoja. Kabula alikuwa mzima, na Kabula haingii jikoni, kwa sababu ya paka. Mama alikuwa mzima, yeye alizoea kukaa nje, siku ile aliingia kwa sababu ya mvua. Mimi huwa barazani. Wanaokaa karibu na makaa wakati wa kuchoma ni watatu: Baba Minza, Minza na paka. Paka analala sakafuni, moshi unamtulia kwenye manyoya, kisha anajilamba mwili mzima kila siku. Ndiyo maana akatangulia.

Na Baba Minza? Nilimtazama wakati wa chakula. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimezoea kufikiri ni uchovu wa duara.

"Hiyo zebaki," nikamwambia, "haimdhuru mtoto?"

"Nani amekwambia?"

"Nauliza."

"Watu wanachoma miaka yote. Wewe shona nguo."

Hapo niliacha kuuliza. Nilimwambia kesho tunakwenda hospitali kubwa wote watatu, na asipokuja nitakwenda na wenzake wa duara wanisindikize. Sikujua kwa nini niliwataja wale wenzake. Ilikuwa kauli ya hasira tu. Lakini rangi ilimpotea usoni, akasema atakuja.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya chini. Alimwambia Minza anyooshe mikono, akaitazama. Akamfungua kinywa, akaangalia fizi. Kisha hakuniuliza mimi, alimuuliza mume wangu.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mchimbaji mdogo."

"Dhahabu mnachomea wapi?"

Mume wangu hakusita hata kidogo. "Kwa mnunuzi, mjini."

Wasomaji, nimesikia uongo mwingi maishani. Wateja wa sare wana uongo wao, mafundi wenzangu wana wao. Lakini mtu akae kwenye kiti, mtoto wake anatetemeka magotini pake, aulizwe swali moja linaloweza kumponya, na adanganye?

"Anachomea jikoni kwangu," nikasema. "Mlango umefungwa, na mtoto yuko ndani. Na kulikuwa na paka, alianza yeye."

Daktari aliweka kalamu chini. Alinitaka nisimulie habari za paka tangu mwanzo, nikasimulia. Alieleza kwamba zebaki ikichomwa haipotei, inakuwa hewa isiyoonekana, mtu anaivuta, na nyingine inashika kwenye kuta, kwenye bati, kwenye vyombo. Alichukua vipimo vikapelekwa mbali, lakini alisema hatutasubiri majibu. Mtoto asirudi kwenye nyumba ile. Hata usiku mmoja.

Hakurudi. Tulitoka pale mimi na Minza tukaenda kwa mama yangu. Mama alitufungulia mlango, akamtazama mjukuu, akanitazama mimi. "Karibuni kwa mchawi," akasema, akaenda kuinjika chai.

Majibu yalipokuja yalisema kile daktari alichosema.

Kikao cha familia kilifanyika Kambarage, kwa baba mkubwa wa mume wangu. Mimi nilidai mambo mawili tu: aseme kwa mdomo wake mbele ya ndugu kwamba mama yangu hakufanya kitu, na aeleze kwa nini alichomea nyumbani. La wezi sikuliamini tena.

Alibanwa mpaka akasema. Wenzake watatu walimwamini kwa sababu ndiye mkubwa kwao. Walimpa donge, akawaambia analichomea kwa mnunuzi mjini. Jikoni kwangu alilichoma, akakata kipande kidogo kila mara, kilichobaki akawapelekea kuwa ndicho chote. Ndiyo maana dirisha lilifungwa.

Baba mkubwa akamuuliza kama alijua madhara ya zebaki. Alijua. Walishafundishwa karashani kwamba ichomwe mahali pa wazi, mbali na watoto, kwenye chombo chenye mfuniko na bomba. Akamuuliza alipoona paka ameanguka alifikiri nini.

"Nilijua ni zebaki."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, Kabula angesikia. Kabula akisikia, mji mzima umesikia, na wenzangu wangejua nachomea wapi."

Ndugu zangu wasomaji, rudieni kusoma jibu hilo polepole. Alipima vitu viwili. Upande mmoja uhai wa mama yangu na mikono ya mwanawe, upande mwingine siri yake. Akachagua siri. Tena baada ya paka kuanguka aliendelea kuchoma jikoni mle mle, Minza akiwa ndani, kwa sababu kumtoa mtoto kungeleta maswali.

Kabula naye alikuwepo. Nilimgeukia nikamwambia sasa amesikia, amwombe mama msamaha. Mnajua alijibu nini?

"Sawa wifi, ni zebaki. Lakini zebaki iko nyumba nyingi. Kwa nini iwapate nyie? Aliyeituma ni nani?"

Hapo nikajua kuna watu ambao huwezi kuwafumua. Mshono wao hauna mwisho wa uzi. Sijasema naye tena mpaka leo, na sina mpango.

Ndoa nimeivunja. Nashonea kijijini kwa mama, kazi ni chache lakini ipo. Minza anatibiwa, analala usiku, fizi zimepona, kicheko kimerudi. Mwandiko unasomeka. Mwezi uliopita aliomba paka mwingine, na mama akamletea, wa manjano, naye analala ndani anapotaka. Lakini uzi bado haupiti. Kila asubuhi anajaribu mara moja, anatikisa kichwa, ananirudishia sindano, nami navaa miwani.

Mama zangu, dada zangu mnaoishi kwenye machimbo, nawasihi. Mume akija na donge lake akataka moto wa jikoni kwako, mtoe nje, yeye na donge lake. Akinuna, anune. Akikuambia kuna wezi, muulize mwizi ni nani. Na mnyama wa nyumbani akianza kutetemeka, msianze kutafuta nani amemtuma. Tafuteni amelala wapi, amevuta nini, amelamba nini. Kisha mwangalieni mtoto anayelala naye. Mkitanguliza kumtafuta mchawi, aliyefanya ubaya atakaa hapo hapo katikati yenu akiwaangalia, kama alivyokaa wangu.

Kabla kikao hakijafungwa, baba mkubwa aliuliza jambo la mwisho. Alitaka kujua vile vipande alivyowaibia wenzake, tangu siku ya kwanza mpaka siku tuliyokwenda hospitali, vilimpatia kiasi gani kwa jumla. Mume wangu alihesabu kwa vidole, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kama vya mwanangu. Halafu akataja.

Shilingi laki tatu na elfu themanini.